Mwanamke wa Benchi la Deira

Jumapili jioni stesheni ya Baniyas Square huwa haina pa kuweka mguu. Wapishi wanaotoka zamu, wabeba mizigo ya kargo, yaya waliopewa siku moja ya kupumua, wote wanagombea ngazi ile ile ya umeme. Katikati ya msukosuko huo kijana mrefu, shati lake la samawati limepigwa pasi kama la gwaride, alikuwa ameegemea nguzo na kuinua kinasa sauti kilichovikwa manyoya meusi.

"Kaka, hicho kipanya chako kinafanya nini?"

Aligeuka. Mbele yake alisimama msichana mweusi wa kung'aa, ndani ya suti ya kijani ya mapokezi ya hoteli, hijabu ya rangi ya maziwa ikiwa imebanwa kwa pini ya lulu bandia. Viatu vya kisigino alikuwa amevitia kwenye mfuko wa nailoni. Miguuni alikuwa na ndala.

"Kinanasa kelele tu, dada."

"Na kelele zangu zimo? Hapa kumrekodi mtu bila ruhusa ni kesi. Unataka kurudishwa kwenu kwa sababu ya kelele?"

Kijana akacheka, akabonyeza kitufe mbele ya macho yake. "Nimefuta. Kila kitu. Hata kikohozi cha yule mzee. Umeridhika?"

"Kidogo."

"Hicho Kiswahili chako umekitoa wapi?"

"Busia."

"Busia yetu!"

"Busia ya Uganda, ssebo. Msituibie. Na wewe?"

"Mbale."

"Uongo! Mbale ni yetu pia."

"Kuna Mbale ya Vihiga, mrembo. Ramani yako imeishia mpakani." Akanyoosha mkono. "Fanuel."

Aliutazama ule mkono kidogo, kisha akaugusa kwa ncha za vidole. "Joweria. Sasa niambie kweli, kelele za stesheni ni za kazi gani?"

"Natafuta mizuka," alisema Fanuel.

Watu wengi wakiambiwa hivyo hucheka. Joweria hakucheka. Alihamisha mfuko wa viatu mkono wa pili, akauliza polepole, "Umewahi kumpata hata mmoja?"

Fanuel alikuwa bawabu katika jengo la ghorofa kule Jumeirah Village Circle. Siku za mapumziko alikusanya hadithi za mizuka zinazosimuliwa na Waafrika Mashariki wa Ghuba, akatengeneza kipindi cha sauti kwenye mtandao kikiitwa Vivuli vya Ghuba. Yeye alitafuta hadithi, na mwenzake Virginia, aliyekuwa Nairobi, aliziunganisha na kuziweka hewani. Alikwenda mahali ambapo kila mtu anaruhusiwa kuingia: bustani za umma, vichochoro vya soko, magofu yenye barabara. "Siruki ukuta wa mtu," alipenda kusema, "visa yangu naipenda." Na kila msimuliaji alimuuliza maswali mawili tu: nani alikuambia, na yeye aliambiwa na nani?

Joweria alimpa namba yake kabla treni haijafika.

Simu zikaanza. Asubuhi Fanuel akiwa getini, jioni Joweria akivua pini za hijabu katika chumba walichobanana wasichana wengi kule Discovery Gardens.

"Jowe, umekula?"

"Nimekula wali wa jana. Na wewe, mizuka imekupikia nini?"

"Imenipikia upweke."

"Uwii! Huyo ni Fanuel au ni redio?"

"Ni Fanuel. Redio haijui kukukosa."

Joweria aliweka mto mdomoni ili wenzake wasimsikie akicheka. Alikuwa hajacheka hivyo tangu atue katika mji huu. Lakini kila simu ilipokwisha alibaki akitazama dari. Kulikuwa na jambo alilokuja kulitafuta Dubai, na hakumwambia mtu yeyote.

Alimwambia Fanuel siku walipokwenda Al Madam.

Ni kijiji kilichoachwa, nje ya Dubai, ambako jangwa limeingia ndani ya nyumba na kukaa. Wengine husema wenyeji walikimbizwa na majini, wengine husema ni upepo tu na maji yaliyokuwa mbali. Hudson, Mganda aliyefanya kazi geti moja na Fanuel, aliwapeleka kwa gari la kuazima, kisha akabaki ndani yake na kiyoyozi. "Mimi wafu wa kwetu wananitosha," alisema.

Jua la alasiri lilikuwa kali. Joweria, abaya yake ya buluu ikipepea, alipiga hodi kwenye mlango uliong'oka. "Hodi wenyewe! Tumekuja kwa amani, na huyu Mluhya ndiye mtamu, kuleni yeye!"

"Unaniuza?"

"Bure kabisa."

Walipanda mchanga uliojaza chumba hadi vichwa vyao vikakaribia dari. Kuta zilikuwa na rangi ya kijani kibichi, bado nzuri, kama mwenye nyumba alitoka kwenda dukani. Walikaa kwenye mchanga ule wa baridi kidogo. Fanuel aliwasha kinasa sauti. Joweria akamshika kifundo cha mkono.

"Kizime. Nataka kusema kitu."

Akakizima.

"Mimi siogopi wafu. Dada yangu alifia Dubai. Hasifa. Alikuwa akifanya kazi za ndani. Tulipigiwa simu na wakala, akasema ni moyo, ameshazikwa. Basi. Wakala mwenyewe akabadilisha namba. Mama mpaka leo anapika chakula cha Hasifa siku ya Idi. Anasema kaburi hajaliona, kwa hiyo hajui." Sauti yake haikutetemeka, alikuwa ameyasema maneno hayo kichwani mara nyingi mno. "Nimekuja kutafuta alikofia. Nimeuliza mpaka nimechoka. Ndiyo maana siku ile stesheni sikukucheka."

Alifungua simu, akamwonyesha picha. Mwanamke wa kitenge cha njano, amecheka kichwa wazi, na juu ya jicho la kulia kishungi cha nywele nyeupe, kama aliyepakwa unga.

"Amezaliwa nacho," alisema Joweria. "Babu pia alikuwa nacho."

Fanuel aliivuta simu karibu na macho. Muda mfupi kabla ya safari hiyo Hudson alikuwa amemsimulia hadithi mpya: katika bustani moja ya umma Deira, nyuma ya maduka ya jumla, kuna benchi ambalo mchana kweupe husikika mwanamke akiongea Kiswahili na hewa. Ni yaya aliyefia pale. Ana sare ya waridi na kishungi cha nywele nyeupe, na huuliza saa ngapi. Fanuel alikuwa ameshairekodi na kuituma Nairobi.

Alipaswa kusema palepale. Alifungua mdomo, akauona uso ule uliomwamini, akaogopa. Je, kama si yeye? Utamwambiaje mtu kwamba dada yake amegeuzwa kitisho cha vijiweni? Alijiambia angechunguza kwanza. Jioni ile alimwandikia Virginia: Kipindi cha benchi kisimamishe, usikitoe. Hakujua kwamba Virginia alikuwa msibani kijijini, simu imezimika, na kipindi kilikuwa kimepangwa kujitoa chenyewe.

Alhamisi, katika chumba cha mapumziko cha wafanyakazi hotelini, mwenzake Joweria aitwaye Dorcus alimpa sikio moja la spika za masikioni. "Nyabo, sikiliza! Mizuka ya hapahapa Deira, kwa Kiswahili!"

Joweria alitabasamu aliposikia sauti ya mpenzi wake. Kisha akasikia sare ya waridi. Akasikia kishungi. Chini ya maneno kulikuwa na kilio cha mwanamke, kilichotiwa ili kutisha. Dorcus alikuwa akisoma maoni ya wasikilizaji kwa sauti: mmoja amecheka, mwingine anataka anwani apige picha, mwingine anaapa kwamba yule yaya alimuua mtoto wa madam wake na ndiyo maana hapumziki.

"Jowe? Jowe, unakwenda wapi?"

Joweria alikwenda kwenye ngazi za dharura, akampigia Fanuel simu.

"Naam, mpenzi wa—"

"Usiniite hivyo. Nilikuonyesha picha ya dada yangu, Fanuel. Dada yangu! Na wewe ukaenda kumuuza."

"Jowe, nisikilize. Ile hadithi niliipata kabla ya—"

"Kabla? Kwa hiyo nilipokuonyesha picha ulijua?"

Fanuel aliingia kwenye kibanda cha geti, akafunga mlango.

"Nijibu. Tulipokaa kwenye ule mchanga, ulijua?"

"Nilishuku. Niliogopa kukwambia, nikataka kwanza—"

"Uliogopa! Watu wanasema alimuua mtoto. Mama yangu ana simu, Fanuel. Mama yangu anasikia Kiswahili." Sasa alikuwa akilia. "Na kile kilio ni cha nani? Mmempata wapi wa kulia badala yake?"

"Joweria, tafadhali—"

"Khalas. Usinipigie tena."

Alimfungia kila njia. Fanuel alikifuta kipindi siku ileile, lakini kilishasambazwa katika makundi ya simu, na kitu cha namna hiyo hakirudi. Virginia aliporudi mjini alipiga simu akilia, akasema kile kilio alikitoa kwenye hifadhi ya sauti za bure, hakufikiria. "Hata mimi sikufikiria," Fanuel alimjibu. Alipunguza kula. Alisimama getini akiwafungulia wenye magari, "Good morning sir, good morning madam," na ndani yake hakukuwa na asubuhi yoyote.

"Buda, utakufa," Hudson alimwambia. "Tafuta mwingine. Dubai imejaa."

"Hudson, ile hadithi uliambiwa na nani?"

"Bado tu unataka mizuka?"

"Nani alikuambia?"

Hudson aliambiwa na Daisy, msusi wa Kikenya kule Deira. Fanuel akamfuata Daisy, akamkuta ana rasta za kusukia mdomoni na kichwa cha mteja mapajani. Daisy aliambiwa na mfagiaji wa bustani. Mfagiaji, Mnepali mpole, alisikiliza Kiingereza cha Fanuel mpaka mwisho, kisha akacheka. "Njoo leo, baada ya sala ya alasiri," alisema. "Huwa hachelewi."

Bustani haikuwa na lolote la kutisha. Nyasi zilizonyweshwa, bembea, wanaume wamelala chini ya miti na viatu chini ya vichwa. Adhana ilikwisha. Fanuel alisogea kwenye benchi la mwisho, lililopakana na ua wa miti, akasimama ghafla. Sauti ya mwanamke, nyembamba, ilikuwa ikisema kwa Kiswahili:

"Assalamu alaykum, mwanangu. Leo joto limezidi, nimechelewa kidogo. Yasini yako hii hapa."

Alizunguka ua. Ajuza wa Kizanzibari, baibui lake jeusi limekunjwa vizuri magotini, alikuwa ameketi peke yake, tasbihi mkononi, macho kwenye nafasi tupu ya benchi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Usinikalie hapo, kaa huku." Alimtazama juu chini. "Mbona umekuwa kama uliyeona jini?"

"Bibi, watu wanasema hapa kuna mzuka."

"Mzuka?" Tasbihi ilisimama. "Nani kasema mzuka? Yule alikuwa mgeni wangu, alikufa begani kwangu. Mtoto wa watu yule. Mzuka ni mimi basi, maana mimi ndiye ninayezungumza naye!"

Jina lake lilikuwa Bi Ummulkheir. Alizaliwa Unguja, akaletwa huku akiwa msichana, na nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya barabara. Fanuel hakuwa na kinasa sauti. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akainuka, akamwomba kesho yake asiondoke kabla mtu mmoja hajafika kumwona.

Kesho yake mchana alipanga foleni kwenye mapokezi ya hoteli ya Joweria, nyuma ya familia yenye masanduku mengi. Zamu yake ilipofika, Joweria hakuinua macho.

"Welcome, sir. Una booking?"

"Sina. Nina habari."

Mikono ilisimama juu ya kibodi. Alikuwa amekonda, pini ya lulu imekaa upande. "Mgeni anayefuata, tafadhali."

"Nimempata aliyekuwa na Hasifa alipofariki."

"Usinitege, Fanuel." Alisema kwa kunong'ona, na msimamizi wake alikuwa akitazama. "Nakuomba kwa jina la Mungu, kwa hilo usinitege."

"Sikutegi. Sijarekodi neno. Ni bibi mmoja, yuko hai, ana jina. Ukishamsikia, ukitaka nisikuone tena, nitakubali."

Joweria alimwachia Dorcus kaunta.

Walitembea mpaka bustanini, Joweria mbele, Fanuel nyuma. Bi Ummulkheir alipomwona msichana anakuja, aliinuka mwenyewe kwa shida.

"Wallahi, uso ndio ule ule," alisema. "Wewe nduguye."

Joweria aliketi. Fanuel alitaka kuondoka, bibi akamwambia, "Kaa, mwanangu, huyu atahitaji mtu wa kumrudisha."

Kisha akaeleza, bila kuharakisha. Hasifa alifika pale kabla ya adhuhuri, na sare ya kazi, anahema. Alisema anaumwa, katoka kwa madam wake kwenda kutafuta daktari, miguu ikamshinda. Bi Ummulkheir alimpa maji na tende, akamwambia Nabil, mwanawe, apige simu ya gari la wagonjwa. Hasifa hakutaka kulala chini. Alishika simu kwa mikono yote miwili.

"Kila mara ananiuliza, bibi saa ngapi? Na saa anayo kwenye simu yake. Nikamwambia, unamngoja nani? Kasema, namngoja mdogo wangu apokee."

Joweria aliziba uso. "Ni mimi," alisema ndani ya viganja. "Tuligombana. Nilitaka aache kazi ile arudi, akakataa, nikasema basi sitaongea naye. Siku ile simu ililia, nikaiona. Ikalia tena. Niliitazama tu mpaka ikanyamaza."

Hakuwahi kumwambia mtu hilo, hata mama yake.

Bi Ummulkheir alimwacha alie. Wanaume waliolala chini ya miti walijigeuza upande wa pili kwa adabu.

"Alisema nini mwisho?" Joweria aliuliza baadaye. "Alisema nini kuhusu mimi?"

"Sitakudanganya, mwanangu. Hakusema neno. Aliweka kichwa hapa," akagusa bega, "nikadhani kasinzia. Nikakaa kimya nisimwamshe. Gari lilipofika ndio wakaniambia." Akavuta pumzi. "Nilijua hana mtu hapa. Nikaenda na Nabil tukaomba, tukapewa ruhusa. Nilimuosha mimi na wanawake wawili wa mtaani. Nilimsuka zile nywele kwa mkono huu. Nabil alisimama kwenye sala na kwenye kaburi. Anajua alipo."

"Ulimsuka?"

"Mikia mitatu, kama sunna inavyotaka. Ule weupe ulikwenda kwenye mkia wa kulia."

Joweria alianguka kifuani mwa yule ajuza, akabaki hapo.

Fanuel alitaka kusema samahani, akaona neno lenyewe ni dogo. Walipotoka bustanini ndipo akajaribu. "Jowe, ningekwambia palepale kwenye ule mchanga, usingeyasikia kwa mdomo wa Dorcus. Hilo ni kosa langu, si la Virginia."

"Ndiyo," Joweria alisema. "Ni lako." Alitembea kidogo. "Lakini mimi nilimwachia simu ilie. Siwezi kukutupa kwa kuogopa kusema. Nitakuwa najitupa mwenyewe."

"Wanaosema aliua mtoto—"

"Watasema. Utawajibu?"

"Kila ninayemkuta. Mpaka waseme ninachosha."

"Hata jina lake usilitaje. Waambie tu alikuwa mgonjwa, na kwamba hakuwa peke yake."

Nabil aliwapeleka makaburini asubuhi ya siku ambayo Joweria hakuwa na zamu. Mistari ya vilima vidogo vya mchanga, mawe yasiyoandikwa, ukuta mweupe. Nabil alionyesha kaburi, akajitenga. Joweria alibaki kwenye lango la ndani kwa muda mrefu, amepiga simu ya video Busia, akiigeuza kamera polepole ili mama yake aone. Fanuel, aliyengoja barabarani, alisikia sauti ya mwanamke mtu mzima ikilia kwa Kisamia, lugha ya Busia inayokaribiana na Kiluhya chake, mbali sana, halafu ikaanza kuuliza maswali: ardhi yake ikoje? Kuna kivuli? Yule bibi anaitwa nani, nimwombee?

Joweria alipotoka, macho yamevimba, vumbi kwenye pindo la abaya, Fanuel hakuweza kujizuia.

"Nataka kukuoa," alisema.

"Hapa? Mlangoni mwa makaburi?"

"Sikupanga. Limetoka."

Alimtazama sana. "Wazee wangu watakuuliza swali moja tu, na unalijua."

"Najua. Nalifikiria tangu Al Madam. Sijapata jibu ninaloweza kuapa nalo."

"Vizuri. Usisilimu kwa ajili ya macho yangu. Ukija kwenye dini, uje mwenyewe. Na usipokuja, nitalia, lakini sitakudharau." Alifuta uso kwa ncha ya hijabu. "Leo siwezi kukuambia ndiyo. Na hapana sitaki kuisema."

"Basi niseme nini mimi?"

"Sema twende tukale. Nina njaa. Tangu Alhamisi ile sijasikia njaa."

Walikaa kwenye mkahawa wa Wapakistani wenye meza za plastiki. Joweria alikula paratha, akaagiza nyingine, akaimaliza, akanywa chai ya maziwa mpaka majani. Fanuel alimwangalia anavyotafuna, akamsogezea sukari.

Hatimaye aliweka kikombe.

"Likizo yangu ni mwezi wa nane," alisema. "Mama anataka kumwona aliyempata Bi Ummulkheir. Hajasema akiwa Mwislamu au Mkristo, amesema tu anataka kumwona. Omba ruhusa kazini mapema."

"Jowe—"

"Nimesema Mama anataka kukuona. Hayo mengine utayazungumza na wazee, na wazee wa kwetu ni wakali." Akasukuma sahani yake mbele ya Fanuel, ikiwa na kipande cha mwisho cha paratha. "Kula. Umekonda, watadhani nimewaletea mgonjwa."

Fanuel alikula.